Kuhe, nzi wa ndizi na vipokezi vilevile

Kuhe akishushwa kwenye mtumbwi pale Bangwe, kusini mwa bandari ya Kigoma, hahitaji kutambulishwa. Ni samaki mkubwa, mwenye nyama nyingi, na dume aliyekomaa anaweza kufikia sentimita 80. Wanasayansi humwita Boulengerochromis microlepis na kumhesabu miongoni mwa wakubwa zaidi wa siklidi duniani, familia ambayo sato na perege nao wamo. Kusini mwa ziwa hilohilo, upande wa Zambia, yupo siklidi mwingine, Neolamprologus multifasciatus, ambaye hazidi sana sentimita 4 na huishi na kuzaa ndani ya maganda matupu ya konokono. Kati ya hao wawili zipo spishi nyingine nyingi. Ziwa Tanganyika lina spishi za siklidi takriban 240, na karibu zote hazipatikani kwingine. Wamo wenye mataya mazito ya kuvunja konokono, wenye midomo ya kukwangua mwani juu ya mawe, hata wanaoishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzao.

Kwa wanabiolojia ajabu kubwa imejificha kwenye uchache wa vyombo vilivyofanya kazi yote hiyo. Kuhe na yule mdogo wa kwenye ganda wana karibu jeni zilezile. Ndani ya yai lililorutubishwa la kila mmoja, uamuzi wa wapi pawe tumbo na wapi mgongo, wapi paote taya na wapi pezi, uko mikononi mwa makundi machache ya protini zinazopokea na kupitisha ishara kati ya seli na seli. Makundi hayo yalifahamika kwanza mbali na ziwa hili, kwa mdudu anayejulikana na kila mtu aliyewahi kuacha ndizi zikaiva kupita kiasi.

Mdudu huyo ni nzi wa matunda wa maabara, Drosophila melanogaster. Asichanganywe na yule nzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyeingia kutoka Asia, akagunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima Afrika Mashariki nzima. Huyu wa maabara ni mdogo, ana urefu wa milimita 3 hivi, na kinachompeleka kwenye tunda ni chachu inayoota linapooza. Asili yake ni Afrika, upande wa kusini mwa bara. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwa wamemkuta porini Zimbabwe, kwenye milima ya Matobo, akiishi kwa tunda la mng'ongo. Maabara za Ulaya na Marekani zilimpata kwa sababu alifuata chakula cha binadamu mpaka akaizunguka dunia.

Mwaka 1978 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wote wawili vijana, walianza kazi mjini Heidelberg, Ujerumani. Waliwalisha nzi dume kemikali inayoharibu vinasaba, wakazalisha maelfu ya koo, kisha wakakagua viinitete vilivyokufa kimoja baada ya kingine. Darubini yao ilikuwa na sehemu mbili za kutazamia, hivyo waliweza kuketi wakielekeana na kubishana juu ya kiinitete kimoja. Makala yao ya mwaka 1980 katika jarida la Nature ilitaja jeni 15 zinazougawa mwili wa nzi katika pingili. Miaka 15 baadaye walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Edward Lewis.

Orodha ile ilipoendelea kurefushwa, jambo moja lilijirudia: jeni nyingi muhimu zilikuwa za vipokezi, au za ishara zinazovipata vipokezi, au za protini zinazobeba ujumbe kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye kiini cha seli. Kipokezi ni protini inayokaa kwenye utando wa seli, upande mmoja ukitazama nje na mwingine ndani. Protini ya ishara ikigusa upande wa nje, umbo la kipokezi hubadilika, na badiliko hilo huamsha mfululizo wa matukio ndani ya seli hadi jeni fulani zinawashwa au kuzimwa. Kwa maandishi ni jambo jepesi. Ugumu unakuja mtu anapouliza inakuwaje kipokezi kimoja kilekile kifanye seli hii iwe misuli na ile iwe ngozi.

Jibu bora kabisa lilitoka kwa jeni iitwayo Toll.

Yai la nzi lina urefu wa nusu milimita tu. Katika saa mbili tatu za kwanza viini vyake hugawanyika mara 13 bila kuta za seli kujengwa, mpaka vinakuwa takriban 6,000, na muda si mrefu kila kiini huzungushiwa utando wake. Lakini kabla ya hapo, upande wa tumbo na upande wa mgongo huwa vimekwisha kuamuliwa. Mama ndiye aliyeamua, kwa protini na maagizo aliyoyaweka ndani ya yai. Mama mwenye Toll iliyokufa hutaga mayai ambayo viinitete vyake ni mgongo mtupu pande zote. Mwaka 1985 Kathryn Anderson, Gerd Jürgens na Nüsslein-Volhard walichukua majimaji kutoka mayai mazima na kuyachoma kwa sindano nyembamba ndani ya mayai hayo mabovu. Viinitete vilipata tumbo. Kilichowashangaza ni kwamba tumbo liliota pale sindano ilipochomwa, hata kama mahali hapo hapakustahili.

Maana yake ilieleweka taratibu. Kipokezi cha Toll kimetandazwa kuzunguka kiinitete chote, tumboni na mgongoni sawasawa, ila ishara inayokiamsha, protini iitwayo Spätzle, hukatwa na kuwa tayari kwa kazi upande wa tumbo peke yake. Ni kama kijiji ambacho kila nyumba ina redio lakini betri zimegawiwa kwa nyumba za ufukweni tu. Ndani ya seli za tumboni protini nyingine, Dorsal, huingia kwenye kiini kwa wingi. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea ubavuni huingia kidogo zaidi, na mgongoni haiingii. Palipo na nyingi panakuwa misuli, palipo na ya wastani panakuwa mfumo wa neva, pasipo na kitu panakuwa ngozi ya mgongo. Kipokezi ni kimoja na majibu ni matatu, kwa tofauti ya kiwango tu.

Jeni ya torso inafuata mtindo huohuo kwenye ncha. Kipokezi chake nacho kimeenea kiinitete kizima, ila kinaamshwa mbele kabisa na nyuma kabisa. Kikikosekana, ncha zote mbili hazijengwi. Kikiamka kila mahali bila mpangilio, ncha hutawala na sehemu ya kati hupotea. Ndiyo sababu mtu anayesoma gazetini kwamba imegunduliwa "jeni ya taya" au "jeni ya rangi" ana haki ya kuwa na shaka. Jeni ya kipokezi haina kiungo inachokimiliki. Inatoa uwezo wa kusikia tu, na kazi itakayotokea hutegemea nani ametoa ishara, wapi, saa ngapi na kwa kiasi gani.

Vingine vitajwe kwa haraka. Notch, ambayo dosari yake ilionekana kwenye mabawa ya nzi tangu mwaka 1914, huzifanya seli jirani zielewane: mmoja akiwa neva, wa pembeni yake abaki ngozi. Heartless na breathless ni vipokezi vya familia moja. Cha kwanza kikikosekana moyo haujengwi, cha pili kikikosekana mirija ya hewa haitawanyiki mwilini. Binadamu ana ndugu za vipokezi hivyo viwili, na mwaka 1994 iligundulika kuwa badiliko la herufi moja katika mmojawapo, FGFR3, ndilo chanzo cha aina ya ufupi wa kimo inayojulikana zaidi, akondroplasia.

Patched inadai maelezo marefu kidogo, maana ndiyo itakayoturudisha ziwani. Ilikuwamo katika zile 15 za mwaka 1980. Ni kipokezi chenye tabia ya kinyume: kazi yake ya kila siku ni kuzuia. Isipoguswa humbana jirani yake, protini ya Smoothened, asipeleke ujumbe wowote ndani. Protini ya Hedgehog ikifika na kuigusa, kizuizi hulegea na ujumbe hupita. Nzi asiye na Patched huwa na seli zinazofanya kazi kana kwamba ishara iko kila mahali, na pingili zake huharibika. Mwaka 1996 jeni hiyohiyo ilipatikana kwa binadamu ikiwa imeharibika katika saratani ya ngozi ya seli za msingi, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vismodegib, dawa inayomzima Smoothened. Ieleweke hata hivyo kwamba saratani inayowaandama zaidi watu wenye ualbino nchini Tanzania ni ya aina nyingine, ya seli bapa. Dawa iliyotokana na nzi haikulengwa huko, na kinga ya jua bado ndiyo silaha yao ya kwanza.

Sasa turudi kwa samaki.

Mwaka 2011 Reade Roberts na wenzake walichapisha uchunguzi wa siklidi wa Ziwa Nyasa. Walifuatilia kimfupa kilichochomoza nyuma ya taya la chini, ambacho husaidia kufungua mdomo. Kikiwa kirefu hutoa nguvu, kikiwa kifupi hutoa kasi, kama fizikia ya wenzo inavyodai. Tofauti ya urefu wake ilifuatiliwa hadi kwenye jeni ya ptch1, ndugu wa moja kwa moja wa Patched ya nzi. Kipokezi kilichojulikana kwa kuvuruga pingili za mdudu huko Heidelberg kilikuwa kinachangia samaki wa Nyasa ale vipi. Hakikuharibika wala kusababisha ugonjwa. Kilibadilika kidogo tu, na samaki akapata mlo mwingine.

Tanganyika ina mfano wake, na jina la mfano huo lina historia ya Ujiji ndani yake. Astatotilapia burtoni ni siklidi mdogo wa kando ya ziwa na mito iingiayo humo, aliyepewa jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji na John Speke mwaka 1858. Jike wa samaki huyu hutaga kisha huyaokota mayai yake na kuyaatamia mdomoni. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini ya mkia, yanayofanana na mayai. Jike anapoyakaribia kana kwamba anataka kuyaokota, hupokea mbegu za dume, na mayai yaliyomo mdomoni hurutubishwa. Mwaka 2007 Walter Salzburger, Ingo Braasch na Axel Meyer walionyesha kuwa kipokezi kiitwacho Csf1ra kinafanya kazi ndani ya madoa hayo, kwenye seli za rangi ya njano, na kwamba katika ukoo wa samaki wenye madoa jeni yake imebadilika kwa namna inayoashiria uteuzi wa asili.

Csf1ra ni wa kabila moja na torso: vyote viwili ni vipokezi vya aina ya tairosini kinasi. Nzi ana ndugu wa karibu zaidi wa Csf1ra, aitwaye Pvr, ambaye katika kiinitete huziongoza na kuzilinda seli za damu zinaposafiri kwenda sehemu mbalimbali za mwili. Nzi hana madoa ya mayai wala seli za njano. Lakini kazi ya msingi, kuiambia seli inayotembea iende wapi na ibaki hai, inafanana mno. Samaki alichukua kilichokuwapo akakipa ajira mpya.

Hapa ndipo ubishi ulipo. Kundi moja la wanabiolojia linashikilia kuwa mageuzi ya maumbo hutokea zaidi kwenye swichi, yaani vipande vya vinasaba vinavyoamua jeni iwashwe wapi na lini, kwa kuwa kipokezi chenyewe kina kazi nyingi mno na kukigusa ni hatari. Madoa yaleyale ya burtoni yanawapa ushahidi: mwaka 2014 Emília Santos na wenzake walikuta kwamba jeni nyingine ya madoa hayo, fhl2b, ilipata kipande cha vinasaba kilichojipachika karibu yake na kubadilisha mahali inapowaka. Kundi la pili linasema protini zenyewe nazo hubadilika, na linataja ptch1 na csf1ra.

Mwaka huohuo wa 2014 jarida la Nature lilichapisha jenomu za siklidi watano wa Afrika: sato wa Nile, wawili wa Tanganyika akiwamo burtoni, mmoja wa Nyasa, na Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Matokeo hayakumpa ushindi yeyote. Swichi zilikuwa zimebadilika, nakala za jeni zilikuwa zimeongezeka, na baadhi ya protini zilikuwa zimebadilika kwa kasi. Kwenye njia ya ishara inayoitwa BMP, ambayo huathiri mataya, ishara yenyewe, kipokezi chake kimoja na mpinzani wake vyote vilionyesha kasi hiyo. Nzi naye ana njia hiyo. Ndiyo inayopanga upande wake wa mgongo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ubishi wa swichi dhidi ya protini umezidishwa. Kipokezi hubadilika pale ambapo kazi zake nyingine hazitaumia, na mahali pengine swichi hutangulia.

Nzi naye ana mipaka, na wapenzi wake wakati mwingine huisahau. Mataya na rangi za samaki hutokana na kundi la seli zinazoitwa mshipi wa neva, ambazo huchomoka kwenye ubongo na uti wa mgongo vinapojengwa na kusambaa mwilini. Nzi hana seli hizo. Tazama pia Perissodus microlepis, yule mla magamba wa Tanganyika. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu wa mawindo ulio kinyume na upande wake. Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwamba idadi ya pande hizo mbili hupanda na kushuka kwa zamu, maana upande unaozidi hutambuliwa na mawindo na kukosa chakula. Ni urithi kiasi gani na mazoea kiasi gani bado panabishaniwa. Wanyama wenye uti wa mgongo hupanga kulia na kushoto kwa ishara ya Nodal. Nzi hana Nodal kabisa. Hutumia protini nyingine ya ndani ya seli kupindisha utumbo wake. Kwa samaki huyu, basi, nzi hafundishi kitu.

Ushahidi wa kufanana kwa jenomu nao hautoshi peke yake. Kipimo kigumu ni kuvunja jeni na kuona kinachotokea, kazi ambayo kwa nzi imefanyika kwa miongo mingi na kwa siklidi ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2016 Scott Juntti na wenzake walivunja kipokezi cha prostaglandini katika burtoni. Majike walikuwa na mayai tayari, ila hawakufanya tendo la kutaga. Hilo ni tendo la samaki mzima, mbali na kiinitete, lakini linaonyesha jinsi vipokezi vinavyoendelea kutoa amri baada ya mwili kukamilika.

Toll ni ushahidi mwingine wa hilo. Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann nchini Ufaransa ilikuta kuwa nzi mzima asiye na Toll hufa kwa kuvu, kwa kuwa kipokezi kilichochora tumbo lake alipokuwa yai ndicho humkinga baadaye. Ndugu za Toll walipatikana kwa binadamu, na Nobel ikafuata mwaka 2011. Mbu wa Anopheles naye anacho. Mwaka 2006 watafiti walipoondoa protini inayoizuia njia hiyo ya Toll, mbu aliweza kuua vimelea vya malaria ya panya vilivyoingia mwilini mwake. Kwa Kigoma, mkoa ambao umekuwa miongoni mwa yenye malaria nyingi Tanzania, jambo hilo halipaswi kubaki katika majarida.

Kazi hizi hufanyikia wapi? Sampuli za siklidi zimetoka Tanganyika, na sehemu kubwa ya uchambuzi imefanyika Basel, Konstanz, Stanford na Kyoto. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo Kigoma, lakini mzigo wake ni dagaa, mgebuka na hali ya ziwa. Mzigo huo ni mzito: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi kuanzia Mei hadi Agosti ili samaki wazaliane. Viinitete vya siklidi havitakuwa kipaumbele cha kituo kama hicho hivi karibuni, wala si haki kukidai hivyo.

Nzi ni habari nyingine, kwa sababu hana gharama. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampasi ya Ishaka ya Kampala International University, magharibi mwa Uganda, ilikuwa mwenyeji wa kozi za nzi wa matunda kwa watafiti wa Kiafrika, zilizoandaliwa na mashirika ya TReND in Africa na kisha DrosAfrica. Ishaka ni mji mdogo. Kilichofanyika huko kinaweza kufanyika Kigoma.

Walimu wa biolojia wa Bangwe, Ujiji na Kasulu hawana haja ya kusubiri maabara ya vinasaba ndipo waanze. Chupa safi, kipande cha ndizi mbivu, kitambaa chepesi cha kufunikia na lenzi ya mkononi vinatosha kwa mwanafunzi wa kidato cha tano kuona mayai, funza na nzi anayechomoka. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, joto lililo karibu na la kawaida la Kigoma bila mashine yoyote, yai huanguliwa baada ya saa kama 24, na kizazi kizima hukamilika kwa siku kama 10.